JE, KUSEMA "NIMECHOKA" NI UPUNGUFU WA IMANI?

 



Asubuhi ukikutana na mtu njiani, iwe Mulekera au iwe Katwa, utamwuliza: "Habari ya kuamka?" Naye atakujibu: "Muzuri tu, Alhamdulillah." Atajibu hivyo hata kama usiku kucha hakufumba jicho. Atajibu hivyo hata kama tangu alipomzika mwanawe chakula hakipiti kooni, na hata kama milio ya risasi ya juzi bado inamlia masikioni. Nawe utapita uende zako, maana umeuliza na umejibiwa.

Sasa swali la Ijumaa hii ni hili: je, jibu lile ni kweli au ni uongo? Na kama siku moja mtu huyo akikushika mkono akakwambia, "Ndugu yangu, siko muzuri. Ninaogopa, silali, nimechoka na maisha," je, amevunja subira? Ametoka katika tawakkul? Wako wanaosema ndiyo, tena si watu wajinga. Tutawasikiliza kwanza kabla ya kuwajibu. Lakini kabla ya hayo tukumbushane tulikotoka, kwa kuwa swali hili kwetu sisi wa Beni na Butembo halikutoka vitabuni.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini, na jina la kwanza kutajwa lilikuwa Mangina, mwendo mfupi tu kutoka Beni. Ugonjwa ule ulikaa nasi mpaka tarehe 25 Juni 2020. Waliohesabiwa kuugua walikuwa watu 3,470, na kati yao 2,287 walifariki. Duniani kote, mlipuko wa Ebola uliozidi huo ni ule mmoja tu wa Afrika ya Magharibi wa miaka ya 2014 hadi 2016. Kisha ukaturudia, Butembo mwezi wa Februari 2021, Beni mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, na Beni tena Agosti 2022, ingawa mara hizo ulizimwa upesi, Alhamdulillah.

Tazama jinsi ugonjwa ule ulivyokwenda. Haukumfuata mwizi wala mlevi. Ulimfuata mama aliyemfuta mtoto wake matapishi, ulimfuata dada aliyemwogesha baba, ulimfuata yule aliyejitolea kuosha maiti, ulimfuata muuguzi wa zahanati aliyempokea mgonjwa usiku bila glavu. Wafanyakazi wa afya zaidi ya 150 waliambukizwa. Yaani ugonjwa ulipita katika njia zile zile ambazo huruma hupita. Ndiyo maana ulituachia maumivu ya namna yake, maumivu ambayo malaria haituachii ingawa nayo inaua kila mwaka.

Maana mwanamke aliyepona, na mtoto wake hakupona, anabaki na neno moja moyoni usiku: ni mimi niliyemletea. Kijana ambaye aliogopa kumgusa baba yake anabaki na neno jingine: nilimwacha afe peke yake. Mwingine, na hili ni zito kulisema lakini lipo, siku gari lilipokuja kumchukua mgonjwa nyumbani alihisi nafuu, akalala usingizi mzito, na tangu hapo anaona haya hata kulitaja jina la marehemu. Haya hayasemwi kwenye matanga. Kwenye matanga tunasema ni kazi ya Mungu, tunakunywa chai, tunatawanyika. Na wakati ule hata matanga hayakuwapo sawasawa. Ndugu zetu wa Msalaba Mwekundu walikuja na mavazi yao, maiti ikawekwa katika mfuko, na sisi Waislamu tukakubali tayammum mahali pa kuosha, kwa kuwa sheria yetu ina nafasi kwa dharura. Sheria iliridhika. Mkono uliozoea kumwosha maiti wetu ndio haukujua ufanye nini.

Kisha kulikuwa na homa. Kila mmoja wetu anajua homa ya malaria na jinsi inavyoanza: kichwa, baridi, viungo kuuma. Ebola nayo huanza hivyo hivyo. Basi fikiri mtu anayeamka saa nane ya usiku na joto mwilini. Zamani angemwamsha mkewe amletee maji. Miaka ile alilala kimya akitazama paa, akihesabu ni nani alimpa mkono wiki iliyopita. Akisema, atapelekwa CTE, na jirani watajua kabla ya adhuhuri. Jina lake likiandikwa kuwa aligusana na mgonjwa, atapimwa joto kila siku kwa siku 21, na duka lake halitaingiwa na mtu. Asiposema, huenda anawaua walio pembeni yake kitandani. Huo ndio usiku ambao watu wengi wa miji hii walilala, si mmoja.

Na yote hayo yalikuja juu ya vita. Mauaji ya raia katika maeneo ya Beni yalianza Oktoba 2014, miaka karibu minne kabla ya Ebola. Sisi Waislamu tulibeba na mzigo wa ziada, kwa sababu wauaji wale wanalitaja jina la dini yetu. Jirani uliyekua naye anakutazama kwa jicho jingine, na huwezi kumlaumu sana, na huwezi pia kutoumia. Sheikh Ali Amini, ambaye aliwasema wazi wauaji hao, alipigwa risasi msikitini hapa Beni tarehe 1 Mei 2021, ndani ya mwezi wa Ramadhani. Mwenyezi Mungu amrehemu. Wako waumini ambao tangu siku hiyo wakisujudu wanasikiliza mlango.

Halafu Korona. Machi 2020 nyumba za ibada zilifungwa nchi nzima. Wakati huo Ebola ilikuwa inaelekea kwisha. Tulikuwa tunahesabu siku 42 bila mgonjwa mpya, na mwisho wake ulipangwa kutangazwa tarehe 12 Aprili. Ijumaa ya tarehe 10 Aprili, siku mbili tu zikiwa zimebaki, alipatikana mgonjwa mpya Beni. Msikiti umefungwa, Ijumaa haiswaliwi, na hesabu inaanza upya! Ramadhani iliyofuata watu waliswali tarawehe majumbani. Wengine wanasema siku ile ya Aprili ndiyo iliyowavunja kuliko siku zote za maiti, na mtu wa mbali hawezi kuelewa kwa nini. Sisi tunaelewa.

Turudi sasa kwa wale wanaosema kwamba muumini hapaswi kuyatoa haya. Hoja yao ni hii. Kila linalotupata limeandikwa. Anayelalamika kwa viumbe analalamika juu ya Muumba wake. Na wanaleta ushahidi mkubwa, nao ni Nabii Yaaqub (a.s.), ambaye Sura Yusuf inatueleza kwamba alipompoteza mwanawe alisema kuwa huzuni yake anaipeleka kwa Mwenyezi Mungu tu. Basi, wanasema, nenda kwenye mswala wako, lia pale, ukitoka nje uwe mwanamume. Wanawake nao huambiwa hivyo hivyo, kwa maneno mengine.

Hoja hii ina nguvu na haifai kupuuzwa. Dua ya usiku ina nafasi ambayo hakuna mtu wala dawa inaweza kuijaza. Lakini ushahidi wao wenyewe tuutazame vizuri. Yaaqub alilia mpaka macho yake yakawa meupe, akapoteza kuona. Hakuificha huzuni hata kidogo. Nyumba nzima iliiona, na jina la Yusuf halikumtoka mdomoni. Na neno lile aliwaambia akina nani? Aliwaambia wanawe, wale wale waliomtupa ndugu yao kisimani na kuleta kanzu yenye damu ya uongo, na ambao sasa walikuwa wanamkemea kwa kuendelea kumkumbuka. Mtu akizungukwa na watu wa namna hiyo, ni kweli hana wa kumwambia isipokuwa Mola wake. Tena ni Yaaqub huyo huyo ambaye mwanzoni mwa sura alimsikiliza Yusuf mdogo akimsimulia ndoto yake, akamwonya asiwasimulie ndugu zake. Hakumwambia: nyamaza kabisa. Alimfundisha kuchagua sikio. Kwa hiyo kisa hiki hakikatazi kusema, kinatuuliza tunamwambia nani.

Na tukitaka kuona jambo lenyewe waziwazi, twende Makka, kwenye kisa ambacho kila mtoto wa madrasa anakijua lakini tunakipita mbio. Mtume wetu (s.a.w.) aliposhukiwa na wahyi kwa mara ya kwanza katika pango la Hira, alirudi nyumbani moyo ukimdunda. Alikwenda kwa Bibi Khadija (r.a.). Aliomba afunikwe, naye akafunikwa mpaka hofu ikapungua. Kisha akamsimulia yaliyompata, na akamwambia kwamba anahofia nafsi yake.

Simama hapo kidogo, ndugu msomaji. Kiumbe bora kuliko wote, ambaye muda mfupi tu uliopita ametoka kwa Malaika Jibril, anamwambia binadamu mwenziwe kwamba anaogopa. Hakusema "muzuri tu". Nani atasema alipungukiwa imani?

Sasa mtazame aliyesikiliza, maana upande huo tunausahau. Khadija hakuanza na mawaidha. Alianza na nguo ya kumfunika. Hakumkatiza. Aliposikia yote, hakumwambia kwamba hofu yake ni upuuzi, wala hakumsimulia ya kwake au ya jirani aliyepatwa na makubwa zaidi (jambo ambalo sisi tunalipenda mno: "wewe afadhali, fulani alipoteza watano"). Alimkumbusha mambo ya kweli juu yake yeye mwenyewe, kwamba anaunga udugu, anawabebea wanyonge mizigo yao, anamkirimu mgeni. Kwamba Mungu hamfedheheshi mtu wa namna hiyo. Na alipoona jambo limezidi ujuzi wake, hakujifanya mjuzi. Alimchukua akampeleka kwa Waraqa bin Naufal, mtu wa elimu. Kumfunika, kumsikiliza, kumkumbusha wema wake, kumpeleka kwa mjuzi. Miaka elfu na mia nne baadaye watu waliosomea kazi hii wanafanya karibu na hayo hayo, na wengine wao walifika mpaka kwetu wakati wa Ebola, wakiingia nyumba kwa nyumba kuzungumza na waliofiwa. Tuliwaita watu wa saikolojia, na wengi wetu tuliwafungia mlango pamoja na wale wengine wa "riposte".

Tuwe wakweli juu ya kwa nini tuliwafungia. Fedha nyingi ziliingia, magari mengi yakapita, na watu waliokuwa wanachinjwa kwa miaka bila dunia kugeuza shingo waliona dunia imekuja mbio kwa sababu ya homa. Kisha Desemba 2018 tume ya uchaguzi ikasema kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi, zitangoje mpaka Machi 2019, na Ebola ikatajwa kuwa sababu mojawapo. Watu wakauliza: sokoni tunakwenda, kanisani na msikitini tunakwenda, ni kura tu ndiyo inayoambukiza? Swali lile halikujibiwa. Hasira ikakosa pa kusemwa, ikawaangukia waliokuwa karibu. Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha matibabu cha Katwa kilishambuliwa, na siku tatu baadaye cha Butembo. Tarehe 19 Aprili, siku ya Ijumaa, Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali mjini Butembo. Hatusemi kwamba waliofanya hayo walikuwa watu wenye huzuni. Walikuwa watu wenye silaha na sababu zao. Lakini mji ambao watu wake wangekuwa wamepata mahali pa kusema hofu yao na hasira yao, na kujibiwa kwa heshima, usingewapa watu wa namna hiyo kivuli cha kujificha. Hayo ni maoni yetu, na asiyekubaliana nasi tutamsikiliza.

Wala si kwamba hapakuwa na mema. Mwanzoni mgonjwa akiingia CTE alipotea machoni, na familia ilibaki nje ikifikiri mabaya. Baadaye Beni vikaletwa vile vyumba vya plastiki inayoonyesha ndani, ambapo mama aliweza kusimama nje akamwona mwanawe, akamzungumzisha, akamwona akinywa uji. Na palifunguliwa nyumba ya kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa ndani wanatibiwa, na waliowabeba watoto wale walikuwa watu waliokwisha kuugua Ebola wakapona. Kwa kuwa wamepona, waliweza kuwabeba kifuani pale ambapo sisi wengine tuliogopa hata kukaribia. Watu wakawaita waliopona "washindi". Jina zuri. Lakini mshindi huyo akirudi mtaani, ni nani kati yetu alimwuliza analalaje? Tulimwuliza kama bado anaambukiza.

Tukirudi kwenye "Alhamdulillah" ya asubuhi. Je, ni uongo? Hapana, kwa maoni yetu si uongo, kwa sababu Alhamdulillah si taarifa ya hali. Ni sifa kwa Mola, na Mola anastahiki sifa katika shibe na katika njaa. Anayesema "Alhamdulillah, na moyo wangu unaniuma" amesema kweli mbili, na hakuna moja inayoifuta nyingine. Mtume (s.a.w.) alipomzika mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele za watu, na waliposhangaa aliwafahamisha kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, bila ulimi kumkasirisha Mola. Kosa ni pale tunapoligeuza neno hilo tukufu kuwa pazia la kumzuia ndugu asiingie, au, vibaya zaidi, tunapolitumia kumfunga mwenzetu mdomo. Anaanza kusema, nasi tunamkatiza: "Sema Alhamdulillah!" Amekwisha kuisema. Sasa alitaka kusema na lile jingine.

Wanazuoni wetu wa zamani hawakuona aibu katika jambo hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka wa 934 kwa hesabu ya Kizungu, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi kwa pamoja, akieleza kwamba nafsi nayo huugua kama mwili unavyougua, na akataja hofu, huzuni, hasira na wasiwasi. Alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na ile inayomjia mtu bila yeye kujua imetoka wapi, akasema hii ya pili ina asili katika mwili na inataka dawa. Zaidi ya miaka elfu imepita! Na leo bado kuna mtu katika mitaa yetu ambaye mwanawe amenyamaza miezi mitatu, haogi, anaongea peke yake, na yeye anazunguka kwa wanaotoa majini tu, kutoka huyu hadi yule, mpaka ng'ombe wameisha. Ruqya kwa Qur'ani ni haki na tunaifanya. Lakini hatukumsomea mgonjwa wa Ebola tukamzuia asiende kutibiwa (na waliofanya hivyo walizika). Kule Goma, kwa miaka mingi, kumekuwa na hospitali ya maradhi ya akili ambayo waliiita Tulizo Letu. Jina hilo ni la Kiswahili, si la kutisha. Njia ya kwenda Goma ni ngumu kwa vita, tunajua, basi uanze na muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu nawe, umweleze hivi hivi kama unavyomweleza homa ya tumbo: imeanza lini, analala saa ngapi, anakula nini, anasema nini.

Kuna jambo moja gumu lililobaki, nalo ni la siri. Kuambiwa ya moyoni ni kupewa amana. Anayekwambia "nilihisi nafuu alipokufa" hakukupa habari ya kupeleka kwenye duka la jirani. Katika siku za Ebola maneno yalikimbia kuliko pikipiki, na mtu aliyeungamana na mmoja asubuhi alikuta mtaa mzima unajua jioni. Wengi walijifunza kunyamaza hapo. Kwa hiyo ukiona watu hawakuambii kitu, kabla ya kuwalaumu jiulize maneno ya mwisho uliyoambiwa yaliishia wapi.

Lakini siri zote si sawa. Mtu akikwambia kwamba alimgusa mgonjwa wa Ebola na anajificha, kunyamaza kwako si amana tena, maana kuna roho za wengine. Msihi aende mwenyewe, mwende pamoja, na akikataa katakata, sema kwa wanaohusika. Mtume (s.a.w.) alikataza kuingia katika nchi yenye tauni na kutoka humo kuikimbia, na Sayyidna Umar (r.a.) aligeuza msafara wake alipokuwa njiani kwenda Shamu, akaona kwamba kujikinga nako ni katika qadari ya Mungu. Na vilevile mtu akikwambia kwamba anafikiri kujitoa uhai. Hapo usiseme "nitakutunzia siri". Usimwache peke yake usiku huo. Mwite ndugu yake mmoja mwenye busara, ondoeni vitu vya hatari karibu naye, na asubuhi mwende kwa muuguzi.

Wala usimkemee. Tunajua kujiua ni haramu, naye anajua, ndiyo sababu limemchukua miezi kulitoa neno hilo. Fikra iliyopita moyoni haiandikwi kuwa dhambi mpaka mtu aitende au aitamke kwa kuikusudia, na yeye ametamka ili asaidiwe. Ukimrudishia moto wa Jahannam, hatakwambia tena, na fikra itabaki naye kule kule gizani.

Katika jambo hili hakuna mwalimu kama Bibi Maryam (a.s.). Alipoingiwa na uchungu wa kuzaa, peke yake chini ya shina la mtende, akifikiria watu watasema nini, alitamani angekuwa amekufa kabla ya hayo na kusahaulika kabisa. Ni Maryam, ambaye Mwenyezi Mungu alimteua juu ya wanawake wa ulimwengu! Na neno lake hilo limehifadhiwa ndani ya Qur'ani, linasomwa misikitini, na halikufuatwa na lawama hata moja. Sauti iliyomjibu ilimwambia asihuzunike, ikamwonyesha kijito cha maji chini yake, ikamwambia atikise shina la mtende zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, jicho lake litulie. Na watu, akikutana nao, hakulazimishwa kuwaeleza chochote siku hiyo.

Basi ikiwa kuna mtu ambaye jina lake limekujia ulipokuwa unasoma karatasi hii, mtembelee kabla ya Ijumaa ijayo. Usiende na kitabu. Nenda na chakula, bugali na sombe, au samaki wa Kyavinyonge kama mfuko unaruhusu. Keti chini, mle katika sahani moja kama tulivyokuwa tunakula kabla ya 2018. Mwulize analalaje, kisha unyamaze umngoje, hata akichukua muda mrefu. Na kama siku hiyo hataki kusema, mswali naye Maghrib, umuage, na urudi kesho kutwa.

Wabillahi tawfiq.